Watatu Waliopita Kwenye Majivu

Kazi yangu ni kutengeneza miguu. Naifanya katika karakana ya viungo bandia ya hospitali moja hapa Dodoma, na mwaka huu natimiza miaka ishirini na sita. Mtu akishuka kwenye bajaji getini na kutembea mpaka mlangoni kwetu, hatua kama kumi na tano, nakuwa nimeshajua goti lipi linamuuma na kiatu kipi kimelika upande. Sisemi hivi kwa majivuno. Fundi cherehani naye akikutupia jicho mara moja anajua kiuno chako. Macho yakitazama kitu kimoja miaka mingi hujifunza yenyewe.

Kwa hiyo jirani yangu mwalimu alipoingia kwangu Jumamosi moja asubuhi na karatasi kubwa iliyoviringishwa kwapani, nilikubali alichokitaka kabla hajamaliza kueleza.

Tunaishi Mkonze. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta wa matofali tulioanza kuujenga pamoja, na mpaka leo hakuna aliyeumaliza. Yeye anafundisha historia katika sekondari ya jirani. Ni dada wa miaka isiyofika thelathini, mzaliwa wa Songea, anayeongea haraka kama mtu anayekimbizwa na kengele ya kipindi. Alitupa shikamoo mimi na mke wangu, akatandaza karatasi yake juu ya meza ya uani na kuwekea vikombe pembe zote nne, maana upepo wa huku hauna adabu na karatasi.

Ilikuwa picha ya nyayo. Mistari miwili ya nyayo ikienda sambamba, mmoja wa nyayo kubwa, mwingine wa ndogo, juu ya kitu kilichofanana na sakafu ya saruji iliyopasukapasuka.

"Hizi ziko Laetoli, kule Ngorongoro," alisema. "Zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Mlima ulilipuka, majivu yakafunika nchi, mvua ikanyesha kidogo, hawa wakapita. Halafu majivu yakakauka yakawa kama jiwe, na mengine yakaja kuyafunika. Nyayo zikalala humo mpaka watafiti walipozifukua."

Nilielewa upesi. Mimi nashinda na unga wa plasta. Naijua ile dakika ambayo kitu kilichokuwa uji kinaamua kuwa jiwe, na najua kwamba alama iliyopigwa dakika hiyo haifutiki tena.

"Kidato cha kwanza wanasoma chimbuko la binadamu," aliendelea. "Nawaambia habari za zamadamu, wanaandika kwenye daftari, wanajibu mtihani, na hawaamini hata neno moja. Juzi mmoja kaniuliza, 'Mwalimu, hii ni ya mtihani tu, sivyo?' Nataka wawe na kitu cha kugusa. Picha hii ina ukubwa uleule wa nyayo zenyewe. Jirani, nitengenezee hizi kwa plasta."

"Nipe wiki moja," nikamwambia.

Mke wangu alinitazama, akainua kikombe kimoja kwenye pembe ya karatasi, akanywa chai yake. Alikuwa ananijua.

Nilimimina bamba la plasta kwenye fremu ya mbao, nikalisubiri likaze kidogo, nikaanza kuchonga nyayo kwa kijiko na kisu, picha ikiwa mbele yangu. Jioni mbili. Nilipomaliza nilimwita mwalimu. Akazitazama kwa muda, akasema kwa heshima, "Zimependeza." Mke wangu hakuwa na sababu ya kunistahi. "Hizi si nyayo," alisema. "Hizi ni sahani."

Alisema kweli. Kila moja ilikuwa shimo safi lenye vidole vitano. Hapakuwa na uzito ndani yake. Hukuona mtu akienda mahali. Nikalivunja lile bamba, nikaipeleka picha karakanani, nikaibandika ukutani karibu na vile vyuma viwili sambamba ambavyo wagonjwa hushikilia wanapojifunza kutembea. Nilitaka kuitazama kila siku mpaka nione nilichokosea.

Majuma hayo nilikuwa na mgonjwa mmoja kutoka Kibakwe, kule milimani Mpwapwa. Mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mama wa watoto watatu, mkulima na mfuga mbuzi. Mumewe alikuwa kibarua kwenye reli huko Gulwe na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo shamba na mifugo vilikuwa vyake. Siku moja akipalilia, nyoka aina ya kifutu alimgonga mguu wa kushoto. Kufika hospitali ilikuwa safari ndefu, na walipofika mguu ulikuwa umeshaoza. Wakaukata chini ya goti. Alipoletwa kwetu kidonda kilikuwa kimepona vizuri, kigutu kikavu, kizuri kwa kazi yetu. Nilimpima, nikamtengenezea mguu, ukamkaa bila kumchubua popote. Kwa upande wangu kazi ilikuwa imekamilika.

Tatizo lilikuwa kutembea. Alikuwa jasiri, hana machozi, hana kulalamika, lakini alikuwa hauamini ule mguu. Kila akiukanyagia, aliuchomeka kwa ncha ya mbele kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, kisha akaruka upesi kurudi kwenye mguu wake wa kulia. Nilimwambia, "Anza na kisigino." Alisema, "Nimeanza nacho." Hakuwa ameanza nacho. Wiki ya tatu tulikuwa tumefika mahali ambapo mimi narudia maneno na yeye anarudia kosa, na wote wawili tumeanza kuchoka kwa adabu.

Asubuhi moja alikuwa amesimama kati ya vyuma anapumzika. Akaiona picha.

"Fundi, hawa waliopita hapa ni akina nani?"

"Wa zamani sana. Wawili, mkubwa na mdogo."

Aliinama kidogo kuitazama. Mimi nilikuwa nakaza skrubu ya mguu wa mtu mwingine. Akasema, "Watatu."

"Wawili," nikamwambia. "Kuna mstari huu na huu."

"Watatu, fundi. Njoo uone." Nikaenda. Akaweka kidole kwenye unyayo mmoja mkubwa. "Tazama kisigino. Kina kingo mbili. Na hapa mbele, kidole gumba kimepiga mara mbili, cha kwanza na cha pili nyuma yake kidogo. Mkubwa alitangulia, mwingine akaja nyuma akikanyaga mlemle. Mbuzi wanafanya hivyo kwenye tope. Wa nyuma hataki kuchafuka, anaweka mguu alipoweka mwenzake."

Nilitazama. Nilitazama tena. Nyayo ndogo zilikuwa safi, lakini zile kubwa zote zilikuwa na kingo za ajabu ambazo mimi, kwa macho yangu ya miaka ishirini na sita, nilikuwa nimezihesabu kuwa ni ubovu wa picha. Nikampigia simu mwalimu wakati wa mapumziko yake.

"Hao watu walikuwa wangapi?"

"Watatu," alijibu. "Sikukwambia? Yule wa pili alikanyaga ndani ya nyayo za wa kwanza. Hata wataalamu walibishana kwanza. Nani kakwambia?"

"Mgonjwa wangu," nikasema.

Nilikata simu nikiwa na aibu kidogo na furaha kubwa zaidi. Nilimwambia yule mama kwamba wataalamu wanakubaliana naye. Hakushangaa. Alikuwa amekwisha kujua; wataalamu ndio waliochelewa.

Siku ile mazoezi yalikuwa mafupi na mazungumzo marefu. Nilimweleza nilichokuwa nimesoma kwenye karatasi za mwalimu. Kwamba wengi wanadhani waliopita pale walikuwa wa aina moja inayoitwa kwa Kilatini *Australopithecus afarensis*, jina nililolitamka mara tatu kabla halijakaa sawa mdomoni. Kwamba mifupa ya aina hiyo imepatikana Ethiopia na kwetu pia, imegeuka jiwe, ndiyo inayoitwa visukuku. Walikuwa wafupi. Mikono mirefu. Kichwa kidogo, ubongo wao haukuzidi sana wa sokwe.

"Lakini miguu ni yetu," alisema.

"Karibu kabisa. Kisigino kinatangulia, uzito unapita ukingo wa nje, unamalizikia kwenye kidole gumba. Sokwe hana hiyo. Kidole gumba chake kimekaa pembeni kama cha mkono."

"Kwa hiyo miguu ilianza, kichwa kikaja baadaye."

"Baadaye sana."

Alifikiri. "Wewe unaona walikuwa watu?"

"Hawakuwa watu kama sisi. Wala hawakuwa sokwe."

"Basi walikuwa wao," akasema, na hilo likamtosha.

Kisha akaniuliza picha ile ilikuwa ya kazi gani, nami nikamsimulia habari za shule na lile bamba langu nililolivunja. Alicheka mpaka akalazimika kushika vyuma kwa mikono yote miwili.

"Unachonga nyayo? Fundi, nyayo hazichongwi. Zinakanyagwa."

Ndiyo ilivyokuwa. Ni jambo ambalo mtoto wa chekechea angelijua, na mimi nilikuwa nimepoteza jioni mbili na mfuko mzima wa plasta. Yeye ndiye aliyeniambia nichukue udongo wa kichuguu, niuponde na kuuchekecha, niuchanganye na majivu ya kuni, kama wanavyofanya kwao wanaposiriba sakafu. Udongo huo hushika alama vizuri na haupasuki upesi. Wakati ule alikuwa amefikia kwa shangazi yake, palepale Mkonze, nyuma ya mashamba ya zabibu. "Jumamosi nitakuja kuona," alisema, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Jumamosi ile uani kwangu palikuwa kama mahali pa kufyatulia matofali. Nilikuwa nimetandaza udongo kati ya mbao mbili, urefu wa hatua nane, upana wa watu wawili. Mke wangu alilalamika tangu asubuhi kuhusu tope, lakini nilipomwambia kwamba nahitaji mtu mfupi mwenye mguu uliozoea kutembea peku, alivua kandambili bila kuombwa mara ya pili. Yeye akawa wa mbele. Mwalimu akawa yule wa nyuma anayekanyaga mlemle. Kwa nyayo ndogo, mwalimu alikuwa amekuja na binti wa dada yake, mwanafunzi wa darasa la tatu aliyekuwa likizo kwake.

Mgonjwa wangu aliketi kwenye kigoda akiongoza. "Mama, usitazame chini. Hakuna anayetembea anatazama chini hivyo. Mwalimu, punguza hatua, unamruka. Mtoto asogee karibu. Karibu zaidi. Hawa walikuwa karibu mno, kama mtu na mtoto wake sokoni." Tukarudia, tukalainisha udongo kwa mwiko, tukarudia. Mara ya nne zilitoka nyayo ambazo hata mimi zilinisimamisha. Zilikuwa na uzito. Uliona mke wangu alipopunguza mwendo na mwalimu alipokaribia kuanguka.

Nilikuwa najiandaa kumimina plasta ndipo mgonjwa wangu aliposema, "Pale pembeni pamebaki nafasi. Na mimi nipite."

Nikasita. Vyuma vya kushikilia havikuwepo. Mwalimu akamshika kiwiko upande mmoja, mimi mwingine, akapita taratibu ukingoni mwa udongo, hatua sita. Alipofika mwisho tukamgeuza aangalie alipotoka.

Nyayo zake za kulia zilikuwa zimezama sana, kidole kwa kidole. Za kushoto, za mguu wa mpira niliomtengenezea, zilikuwa tundu dogo la ncha tu, na baada ya kila tundu mkwaruzo. Kisigino hakikuwepo popote. Ungeziona nyayo hizo porini ungesema kuna mnyama mmoja aliyejeruhiwa amepita.

"Kumbe ndivyo ninavyotembea," alisema.

"Nimekwambia kwa wiki tatu."

"Umeniambia," alijibu. "Hukunionyesha."

Nimefundisha watu kutembea miaka yote hiyo kwa mdomo, kwa kuwaambia hivi na vile, na hakuna siku niliyofikiri kuwawekea udongo chini. Mke wangu alikwishaleta ndoo ya maji. Tukalainisha ule ukingo, yule mama akapita tena. Safari hii, hatua ya tatu, kisigino kilipiga. Kidogo, pembeni, lakini kilipiga. Akakiona yeye mwenyewe, akakioneshea kidole kabla yangu.

Kuanzia Jumatatu nilipeleka udongo karakanani. Mfanyakazi wa usafi alinichukia waziwazi kwa majuma mawili, na alikuwa na sababu. Lakini mgonjwa wangu alikuwa anakwenda. Anapita, anageuka, anasoma, anasonya, anapita tena. Sikuhitaji kumwambia kitu. "Leo nimeubeba begani," angesema, au, "Hapa nimeogopa," na kweli ungeona pale alipoogopa, unyayo umekuwa mfupi. Siku ya nane alitembea kutoka ukuta mpaka ukuta bila fimbo, kisigino, ukingo, kidole gumba, na mimi nilikuwa nimekaa nakula karanga.

Mabamba yalitoka matatu. Wanaofanya kazi yetu wanajua: kwanza unapata shimo, ukilijaza unapata umbo, ukilipaka umbo sabuni lisigandamane na kulifunika kwa plasta nyingine unapata shimo tena, safari hii gumu. Nikayapaka rangi ya majivu. Bamba la pembeni, nililolitoa karakanani, lilikuwa na mstari wa tatu, ule wa mgonjwa wangu, aliopita siku ya mwisho akiwa peke yake. Nilidhani angekataa lipelekwe shuleni. Alisema, "Lipeleke. Na mimi nitakuja."

Tulikwenda siku ya Ijumaa, baada ya vipindi vya asubuhi. Madawati yalisogezwa ukutani, mabamba yakalazwa sakafuni. Mwalimu hakuwaeleza chochote. Aliwaambia tu, "Someni. Niambieni nani kapita hapa." Kwanza walisimama mbali kama watu walioalikwa kwenye nyumba ya mtu mkubwa. Kisha mmoja akachuchumaa, kisha kumi, kisha hukuona sakafu kwa mashati meupe. Watoto wa Mkonze wengi wana bibi na mashamba na mbuzi mahali fulani. Haikuchukua dakika kumi. Msichana mmoja mwembamba alisema, "Mkubwa alipunguza hatua kwa ajili ya mdogo." Mwingine akasema watatu. Darasa likabishana, na mwalimu alikaa mezani akiwa amekunja mikono, uso ukimng'aa.

Kisha wakafika kwenye mstari wa tatu. "Mwalimu, huyu ana unyayo mmoja hauna vidole."

Mgonjwa wangu akasogea mbele, akainua kitenge mpaka gotini. "Ni mimi."

Kijana mmoja aliyekuwa nyuma akainua mkono. "Samahani mama. Unauma?"

"Huu hauumi," alisema. "Unaouma ni ule usiokuwepo." Akashusha kitenge. "Kuna siku unawasha kwenye vidole, na vidole vilishazikwa Mpwapwa."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mlangoni amesimama mzee mmoja mwenye suti ya kaki. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, mzee wa kanisa pia, na mjukuu wake alikuwa darasani humo. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliingia, watoto wakasimama, wakamwamkia kwa sauti moja. Aliwajibu marahaba, akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, nimeambiwa mnawafundisha hawa watoto kwamba babu zao ni nyani. Nimekuja nisikie mwenyewe."

Mwalimu alisimama. "Shikamoo mzee. Sijawafundisha hivyo. Nyani wapo leo, wako huko vilimani wanakula mahindi ya watu. Hakuna mjukuu wao humu. Ninachofundisha ni kwamba zamani sana waliishi viumbe ambao hawakuwa sisi, wala hawakuwa sokwe wa leo, na wakatembea kwa miguu miwili. Mifupa yao ipo. Nyayo zao zipo, katika nchi yetu hii. Watafiti wanaona kwamba sisi tumetokana na ukoo wa namna hiyo. Watoto wanaruhusiwa kuuliza na kukataa. Ila kwanza watazame."

Mzee akamtazama mgonjwa wangu, pengine kwa sababu ya kitenge chake na lafudhi yake aliyoisikia mlangoni. Akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akaitikia vilevile. "Binti yangu, na wewe unaamini mambo haya?"

"Mzee, mimi nasali kila Jumapili," alisema. "Huyu fundi hakuniuliza nimeumbwa na nani. Aliniwekea picha mbele yangu, nikaona watatu wamepita. Siwezi kusema hawakupita kwa sababu siwajui majina."

Mzee akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akashika magoti yake ya suruali, akachuchumaa taratibu, akavaa miwani. Alitazama mabamba yote matatu kwa utulivu wa mtu anayekagua shamba analotaka kulinunua. "Huyu wa pili," alisema hatimaye, "kwa nini akanyage nyayo za mwenzake?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kila mtu na lake. Palikuwa panateleza. Alikuwa mtoto anacheza. Alikuwa anaogopa moto ulio chini ya majivu. Mzee akanyoosha mkono kuwanyamazisha, akamwita kijana aliyesema habari ya moto, akamtaka aeleze. Alikaa nasi mpaka kengele.

Hakubadilika. Alipokuwa anaondoka alimwambia mwalimu, mbele yangu, "Mimi naamini Mungu aliumba, na nitaendelea kuwafundisha hivyo kanisani." Mwalimu akasema, "Sawa, mzee." Mzee akaongeza, "Lakini siku nyingine ukileta vitu hivi, waite wazazi. Usitufanye tusikie njiani." Muhula uliofuata waliitwa wazazi, na yeye ndiye aliyefungua kwa sala. Hapakuwa na ugomvi. Bamba moja lilipasuka mtu mmoja mnene alipolikanyaga kujaribu ukubwa wa mguu wake, nikatengeneza jingine.

Mgonjwa wangu alirudi Kibakwe wiki moja baada ya siku ile ya darasani. Aliniaga kwa kifupi, akapanda basi mwenyewe, hakutaka kushikwa mkono. Mimi nilijua amekwenda vizuri. Wagonjwa wengi nikiwaaga najua nitawaona tena baada ya miezi mitatu wakiwa wamerudi kwenye magongo, mguu uko chini ya kitanda. Huyu sikuwa na wasiwasi naye.

Nilimwona mwaka uliofuata, hospitali ilipotutuma kuwafuata wagonjwa wilayani Mpwapwa. Tulifika Kibakwe asubuhi, milima ikiwa na ukungu, nikaelekezwa kwake. Nyumba iko juu, shamba la mahindi na maharage linashuka mpaka kijito kilipo. Nilimkuta anapanda kutoka chini na ndoo kichwani. Alinisalimu, "Shikamoo fundi," akatua ndoo, akanipa kigoda na maji, na kabla sijauliza habari za watoto akaanza.

"Mguu wako mzuri. Sokoni mzuri, kanisani mzuri. Lakini umeutengenezea Dodoma. Kwenu tambarare. Hapa nikipanda unanisukuma nyuma, nikishuka unanitupa mbele."

Nilimwambia kifundo cha mguu ule hakikunjiki, ndivyo ulivyoundwa, na tunachoweza kufanya ni kuurekebisha pembe kidogo.

"Basi panda wewe kwanza uone," alisema.

Nina miaka hamsini na miwili na goti moja ambalo silisemi kazini. Nilivua viatu, nikakaza kifundo changu kwa bandeji niliyoitoa kwenye begi, nikaifunga ngumu kabisa mpaka hakikuweza kukunjika, nikapanda shamba lake kutoka kijitoni. Watoto wake wakatoka nje kutazama. Majirani wawili wakaja. Katikati nililazimika kushika jiwe. Yeye alikuwa mlangoni anacheka waziwazi, mkono kiunoni.

Nilipanda na kushuka mara tatu. Mara ya tatu, nikiteremka, nikapata nilichokuwa nakitafuta. Tatizo halikuwa kifundo peke yake. Kisigino cha mpira kilikuwa kigumu mno na kirefu, kwa hiyo kila akishuka kilimfikisha chini kabla ya wakati wake na kumrusha goti. Nikaketi barazani na kisu na tupa. Nilikata, nikalainisha, nikaongeza kipande cha mpira laini, nikarekebisha pembe, nikamfungia. Alichukua ndoo, akashuka nayo mpaka kijitoni, akaijaza, akapanda.

Alipofika juu hakukaa. Alitikisa mguu mara mbili kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Bado kidogo," alisema. "Kata tena."

Nikakata tena.